Soseji ya Kuku na Tangawizi ya Upare

Soseji ya kuku si ngeni tena nchini. Hupatikana katika majokofu ya maduka ya mijini, katika vibanda vya chipsi, na mikononi mwa wachuuzi wa vituo vya mabasi vilivyo kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, mji wa Same ukiwa mmojawapo. Mlaji huitilia kachumbari na pilipili, akaila upesi kabla basi halijaondoka. Ukimwuliza ladha yake atakujibu kwamba ni tamu. Mpe soseji hiyo hiyo bila kachumbari, bila pilipili, tena imekwisha poa, naye atakuambia kwamba haina kitu isipokuwa chumvi. Majibu yote mawili ni ya kweli, na tofauti iliyopo baina yao ina maelezo ya kisayansi ambayo watengenezaji wengi wa soseji wameyapuuza.

Rai yangu ni kwamba ladha ya soseji ya kuku yaweza kuboreshwa kwa maarifa na mali tuliyo nayo, na kwamba wilaya ya Same na Milima ya Upare kwa jumla ni mahali panapofaa sana kuianza kazi hiyo. Sisemi hivi kwa kuipendelea milima hiyo. Huko Waislamu na Wakristo wamekaa pamoja kwa vizazi kadhaa, na miongoni mwa Wakristo wamo Waadventista Wasabato, ambao misheni yao ya kwanza katika nchi hii ilianzishwa Upare ya Kusini mwaka 1903. Mwislamu hali nguruwe, wala Msabato hali. Soseji ya nguruwe haina soko la maana mahali kama hapo, bali ya kuku yaweza kuliwa na kila mla nyama. Pamoja na hayo, katika nyanda za juu za Same, hasa Mamba Miamba na vijiji vya jirani, hulimwa tangawizi kwa wingi, na tangawizi, kama nitakavyoeleza, ina mengi ya kufanya katika nyama ya kuku kuliko kuipa ukali tu.

Kwanza yafaa tuelewe kwa nini soseji ya kuku huwa na ladha hafifu. Soseji ya aina hii asili yake ni Ulaya ya kati, katika miji kama Frankfurt na Vienna, nayo ilitengenezwa kwa nyama ya nguruwe na ng'ombe. Kuku alikuja baadaye. Huko Marekani, baada ya Vita Kuu ya Pili, Profesa Robert Baker wa Chuo Kikuu cha Cornell alibuni vyakula vingi vya kuku, soseji ikiwa kimojawapo, ili kuwatafutia wafugaji soko. Lakini viwanda vingi vilivyofuata vilichukua fomyula ya soseji ya nguruwe, vikaondoa nguruwe na kutia kuku, kana kwamba nyama ni nyama tu. Kosa liko hapo, na chanzo chake ni mafuta.

Mafuta ya mgongo wa nguruwe ni magumu. Mafuta ya kuku ni laini, huanza kuyeyuka katika joto ambalo hata kiganja cha mkono hulifikia. Nyama ya soseji inaposagwa pamoja na chumvi, protini iitwayo miosini huyeyuka na kufanya utando unaozishika chembechembe za mafuta na maji zisitoke. Joto la mashine likizidi, mafuta ya kuku hulainika upesi na kuuponyoka utando huo. Soseji ikipikwa hunywea, na utamu wake hubaki katika maji ya kupikia. Ndiyo maana fundi hodari hutia barafu wakati wa kusaga na kuangalia kipimajoto mara kwa mara, asiruhusu mchanganyiko kupita nyuzi 12 za Selsiasi au hata chini yake. Katika joto la tambarare ya Same jambo hili si dogo.

Tena harufu nyingi za viungo huyeyuka katika mafuta, wala si katika maji. Katika soseji yenye mafuta mengi harufu hutoka polepole, mlaji akazidi kuisikia hata baada ya kumeza. Katika soseji ya kuku yenye mafuta machache harufu ile ile hufumuka yote kwa tonge la kwanza, ikawa kali, kisha ikatoweka. Mtengenezaji huona kwamba ladha haikai, akaongeza chumvi, akaongeza pilipili manga, akaongeza moshi wa chupani. Sasa ukali umezidi, na ladha bado haikai! Fomyula ya kuku yahitaji kupangwa upya kuanzia viungo vyenyewe, na si kuongezewa vipimo vya fomyula ya nguruwe.

Na hiyo ladha ya kuku ni nini hasa? Nyama mbichi ya kuku haina harufu ya kupendeza. Harufu huzaliwa jikoni. Sukari ya aina ya raibosi na asidi-amino iitwayo sisteini, ambayo ina salfa ndani yake, hukutana katika joto na kutoa kemikali zenye harufu ya nyama. Vitamini B1 nayo ikivunjika huchangia. Harufu hizo hupatikana karibu katika nyama zote. Kinachomtofautisha kuku na ng'ombe hutoka kwa kiasi kikubwa katika mafuta yake. Mafuta ya kuku yana asidi linoleiki kwa takriban asilimia 20, ilhali ya ng'ombe yana asilimia chache tu. Asidi hiyo ikipata joto na oksijeni hutoa kemikali iitwayo dekadienali, ambayo pua huitambua kuwa ni harufu ya kuku wa kukaanga. Asidi hiyo hiyo, ikipata oksijeni nyingi na muda mrefu, ndiyo inayoiletea nyama harufu ya mafuta yaliyokaa. Rafiki na adui ni kitu kimoja, na kinachowatenganisha ni kiasi na wakati.

Viwanda vikubwa hutengeneza soseji za bei nafuu kwa nyama iliyokamuliwa kwa mtambo kutoka katika mifupa ya shingo, mgongo na kifua baada ya minofu kuondolewa. Nyama hiyo huwa na damu na uboho, yaani chuma kingi, na chuma ni kichocheo kikubwa cha oksijeni kuyashambulia mafuta. Nyama ya namna hiyo huanza kuharibika kiladha mapema sana, hata katika barafu. Ikipikwa, ikapozwa na kupashwa moto tena, hutoa ile harufu ambayo kila mama wa nyumbani huijua kwa jina la harufu ya kiporo. Wanasayansi Tims na Watts waliieleza mwaka 1958 kuwa inatokana na mafuta ya nyama iliyopikwa kushambuliwa na oksijeni. Soseji ya mchuuzi, iliyopikwa kiwandani, ikagandishwa, ikayeyuka njiani umeme ulipokatika, ikagandishwa tena, kisha ikakaangwa kwa mara ya pili, imepita katika kila hatua inayoizalisha harufu hiyo.

Umri wa kuku nao una neno. Kuku wa nyama huchinjwa akiwa na wiki tano au sita. Ni mlaini, lakini hajapata muda wa kukusanya ladha. Sisi sote tunajua kwamba kuku wa kienyeji, mtembezi na mwenye umri, ana mchuzi mwingine kabisa, na si mawazo ya kizee kama vijana wa mjini wanavyodhani. Basi yupo kuku wa tatu ambaye wataalamu wetu hawamtaji ipasavyo: kuku wa mayai aliyekwisha punguza kutaga. Wafugaji humwuza kwa bei ndogo kwa sababu nyama yake ni ngumu. Ugumu huo unatokana na nyuzi za kolajeni zilizokomaa; ladha yake lakini ni nzito kuliko ya kifaranga wa wiki sita, na kwa kuwa nyama ya soseji husagwa, nusu ya tatizo la ugumu huondolewa na kisu cha mashine. Kwa maoni yangu soseji njema ya kuku ingechanganya nyama ya kuku mkongwe kwa ladha na nyama ya kuku kijana kwa ulaini.

Sharti moja lizingatiwe. Chakula cha kuku nchini hutiwa dagaa, na kuku anayelishwa dagaa hadi siku ya kuchinjwa huwa na shombo la samaki katika mafuta yake. Hakuna kiungo kitakacholificha. Dawa ni kumwondolea dagaa wiki chache kabla ya kuchinja, akapewa protini nyingine kama mashudu ya alizeti au soya. Watengenezaji wa soseji hununua kuku bila kuuliza alilishwa nini, na baadaye hushangaa.

Sasa tuje kwenye pakiti. Mtengenezaji mdogo wa soseji, akilalamikiwa kuhusu ladha, huuziwa pakiti ya unga kutoka ng'ambo ambao ndani yake mna chumvi, glutamati, rangi na harufu za maabara. Sina ugomvi na glutamati. Profesa Kikunae Ikeda wa Tokyo aliitenga mwaka 1908 kutoka katika mwani, na mwanafunzi wake Shintaro Kodama akaitambua inosinati mwaka 1913 katika samaki mkavu. Glutamati imo katika nyanya tunazokula kila siku, na inosinati imo katika nyama ya kuku, hasa siku ile ile au siku inayofuata baada ya kuchinjwa, kabla haijavunjika na kuwa kitu chenye uchungu. Mjapani mwingine, Akira Kuninaka, alionyesha mwishoni mwa miaka ya 1950 kwamba vitu hivi viwili vikikutana mdomoni, utamu wake hauwi jumla ya viwili bali huzidishwa mara nyingi. Hapo msomaji atakuwa amekwisha ona kwa nini kachumbari ya yule mchuuzi huifufua soseji: nyanya zimeleta glutamati, kuku ana inosinati. Kwa hiyo nyanya zilizokaushwa na kusagwa zaweza kufanya sehemu ya kazi ya pakiti. Ninachokipinga ni kutumia pakiti kufunika nyama iliyoharibika kiladha, na kulipa fedha za kigeni kwa ajili ya kufunika huko.

Nami sasa nafika kwenye tangawizi, ambayo ndiyo iliyonifanya niishike kalamu.

Mkulima wa tangawizi katika milima ya Same huuza sehemu kubwa ya mavuno yake ikiwa mbichi, na wakati wa mavuno mengi bei huanguka. Kiwanda cha kusindika tangawizi kilijengwa Mamba Miamba katika miaka ya 2010, na watu wakawa na matumaini makubwa. Lakini tangawizi ya unga ikitegemea chai peke yake soko lake lina mpaka. Kiwanda cha soseji, kinyume chake, hununua viungo mwaka mzima, kwa kipimo na kwa ubora uleule.

Katika tangawizi mbichi mna kemikali kali iitwayo jinjeroli. Ikikaushwa, sehemu ya jinjeroli hupoteza maji na kugeuka shogaoli, ambayo huwasha zaidi. Jina lake limetokana na neno la Kijapani la tangawizi. Ikipikwa, jinjeroli huweza kugeuka zinjeroni, ambayo ni pole na ina utamutamu. Kwa hiyo tangawizi mbichi, kavu na ya kupikwa ni viungo vitatu, si kimoja. Jambo kubwa zaidi ni kwamba kemikali hizi huzuia oksijeni kuyashambulia mafuta. Yaani kiungo kile kile kinachotia ladha huilinda nyama ya kuku na harufu ya kiporo, ambayo ndiyo maradhi yake makuu. Karafuu ya Unguja na Pemba ina uwezo huo pia, kwa sababu ya yujenoli iliyomo, lakini ikizidi kidogo tu soseji hunuka kama dawa ya meno. Tangawizi husamehe zaidi. Kwa kuanzia ningependekeza gramu 2 au 3 za unga wa tangawizi kwa kila kilo ya mchanganyiko, pamoja na pilipili manga ya Muheza na kungumanga kidogo ya Zanzibar.

Lakini iko hatari ambayo asiyejua kemia ataiangukia. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kiitwacho zinjibaini, ambacho huvunja protini, kolajeni ikiwamo, na hufanya kazi kwa nguvu zaidi karibu na nyuzi 60. Soseji inapopikwa hupita katika joto hilo ikielekea nyuzi 72 na zaidi. Ukitia tangawizi mbichi katika mchanganyiko, kimeng'enya kitaula ule utando wa miosini niliouzungumzia, na soseji itakuwa uji ndani ya ngozi. Hapa ndipo ujuzi unapogeuza hatari kuwa faida. Vipande vya kuku mkongwe vilowekwe katika maji ya tangawizi mbichi kwa saa chache kabla ya kusagwa, mahali pa baridi, kisha vichujwe. Kimeng'enya kitazilainisha zile nyuzi ngumu. Tangawizi inayotiwa baadaye kwa ajili ya harufu iwe imepashwa moto wa kutosha kukiua kimeng'enya. Uwiano wa mambo haya mawili lazima upimwe kwa majaribio, kwa kuwa masalia ya kimeng'enya katika nyama iliyolowekwa yaweza kuleta madhara yale yale kwa kiwango kidogo.

Na tangawizi isikaushwe juu ya ardhi. Kiungo kilichoanikwa mchangani hubeba mbegu za bakteria ambazo haziuawi na joto la kupikia soseji, na huweza kuota ukungu wenye sumu. Vichanja safi vilivyoinuliwa na kufunikwa si gharama kubwa.

Kuhusu moshi nitasema machache. Moshi wa kuni hutia ladha kwa sababu lignini ya mti ikiungua hutoa gwayakoli na jamaa zake. Hata hivyo sitaki kusikia kwamba soseji zimeukata msitu wa Chome, ambao huwapa maji watu wa milimani na wa tambarare. Huko Vermont, Marekani, nyama ya paja la nguruwe hufukizwa kwa magunzi ya mahindi. Magunzi Upareni tunayo tele baada ya kupukuchua, kwa kuwa Mpare na makande hawaachani. Msindano usitumike, utomvu wake hutia uchungu na masizi.

Yapo mapingamizi, na lililo zito ni la afya. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliziweka nyama za kusindika katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, likakadiria kwamba kula gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Soseji ya kuku haikusamehewa kwa kuwa ni ya kuku. Nitriti, ambayo huipa soseji rangi ya waridi na kuizuia bakteria ya botulini, haiwezi kuondolewa ovyo na mtu asiyekuwa na maabara. Basi kwa nini kuiboresha ladha ya chakula ambacho hakifai kuliwa kila siku? Jibu langu ni kwamba soseji tayari inaliwa, na wanaoila zaidi ni vijana. Ladha ikitoka katika nyama safi na viungo, chumvi yaweza kupunguzwa bila mlaji kulalamika. Na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku. Soseji mbili zenye chumvi asilimia 2, kila moja ya gramu 50, zimekwisha chukua gramu 2. Mama anayemtilia mtoto soseji katika chakula cha shule hajui hesabu hiyo, lakini mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuifanya.

Walimu wa sekondari wasidhani kwamba kazi hii ni ya Chuo Kikuu cha Sokoine na Shirika la Viwango peke yao. Jaribio la kimeng'enya laweza kufanywa darasani bila nyama yoyote. Wachina wa Guangdong hugandisha maziwa kwa tangawizi, na nguvu inayoyagandisha ni ile ile zinjibaini. Chemsha maziwa, yaache yapoe hadi nyuzi 70, kisha yamimine katika vikombe vitatu: cha kwanza kina kijiko cha maji ya tangawizi mbichi iliyotoka kukamuliwa, cha pili kina maji hayo hayo yaliyochemshwa kwanza, cha tatu kina unga wa tangawizi ya dukani. Usikoroge. Baada ya dakika kumi kikombe cha kwanza kitakuwa kimeganda na cha pili hakitaganda. Matokeo ya kikombe cha tatu yatategemea namna tangawizi ilivyokaushwa, na hilo ndilo hasa ambalo mtengenezaji wa soseji anahitaji kulijua kabla ya kununua gunia.

Jaribio la ladha nalo lina kanuni zake. Kumwuliza mtu "unaionaje?" si sayansi, maana mgeni mwenye adabu atasema ni tamu. Mpe kila mwonjaji vipande vitatu, viwili vya soseji moja na kimoja cha nyingine, vyote vya joto moja, vikiwa na namba za siri, na maji ya kusukutua. Mwambie akitambue kilicho tofauti. Kwa kubahatisha atapata mara moja katika tatu. Katika waonjaji 30, kumi watapatia kwa bahati tu. Wakipatia 15 au zaidi, twaweza kusema kwa uhakika wa kutosha kwamba soseji hizo zina tofauti ya kweli. Hapo ndipo yafaa kuuliza ipi hupendwa. Waonjaji wasiwe watoto wa Mamba na Suji peke yao, waliozoea tangawizi katika chai tangu utotoni. Shule ya Dodoma au ya Lindi ishiriki pia, kwa namba zile zile na kwa kipimo kile kile.